Baladi ya roki inayoishiwa nguvu kabla ya solo: kupiga "Every Rose Has Its Thorn" jukwaani

Swali: "Mtaalamu, salaam. Bendi yetu ina watu sita na tunapiga hotelini hapa Arusha, zaidi rumba na zilipendwa. Mteja ametuomba 'Every Rose Has Its Thorn' ya Poison kwenye sherehe ya miaka 20 ya ndoa yake. Tunaanza vizuri na gitaa kavu, lakini kiitikio cha pili kikifika tumeshakimbia, mwimbaji anapiga kelele, na solo ikiingia hakuna anayeisikia. Mwisho wa wimbo unakuwa sawasawa na katikati. Vyombo tulivyo navyo ni gitaa kavu moja la kuchomeka, magitaa mawili ya umeme, besi, dramu na kibodi. Kosa letu liko wapi?"

Jibu: Salaam ndugu. Kosa mnalisikia kwenye kiitikio cha pili, lakini mmelifanya kwenye ubeti wa kwanza. Hapo mnakuwa mmeshatumia karibu sauti yote ambayo ukumbi unaweza kubeba, kwa hiyo kila kinachofuata hakina pa kupanda. Kosa la pili limo mikononi mwenu, na limetokana na muziki mnaoupiga kila wiki.

Mpiga rumba anajua wimbo unavyopandishwa: waimbaji wanamaliza sehemu ya taratibu, dramu inabadilisha mwendo, gitaa la solo linashika, na sebene inaingia. Wapenzi wa dansi wa Tanzania wameizoea pia kwa jina la chemko. Hapo nguvu inatokana na kubadilika kwa mwendo. Baladi ya roki haina sebene. Mwendo wa sekunde ya kwanza ndio wa sekunde ya mwisho, na kinachopanda ni vitu vingine: idadi ya vyombo, upana kati ya noti ya chini kabisa na ya juu kabisa inayosikika, uzito wa kipigo cha dramu, na muda ambao kila noti inaachwa iendelee kulia. Mkono uliolelewa na sebene ukisikia dramu imeongeza nguvu unasogea mbele wenyewe. Ndiyo sababu mnakimbia pale pale kila mara. Msilaumiane, ila mtibu.

Kwanza tuujue wimbo wenyewe. Poison walitoka Pennsylvania wakahamia Los Angeles, na wimbo huu umo kwenye albamu yao ya pili, Open Up and Say... Ahh!, iliyotoka mwaka 1988 ikiwa imesimamiwa na Tom Werman. Bret Michaels anaimba, C.C. DeVille yuko kwenye gitaa la solo, Bobby Dall anapiga besi na Rikki Rockett dramu. Desemba 1988 ulipanda hadi namba moja Marekani ukakaa hapo wiki tatu. Michaels amesimulia mara nyingi kwamba aliuandika baada ya kumpigia simu mpenzi wake akiwa kwenye duka la kufulia nguo Dallas, akasikia sauti ya mwanamume mwingine upande wa pili. Kwa hiyo ni wimbo wa mapenzi yaliyovunjika, na mtaupiga kwenye sherehe ya ndoa iliyodumu. Mteja ndiye aliyeuchagua, na watu wengi waliokua na redio za miaka ya 1990 wanaushika kwa ajili ya kiitikio tu. Nalisema hili kwa sababu linaamua namna ya kuimba: ubeti wa kwanza ni mtu anayesema jambo linalomuuma akiwa chumbani, hajajua bado kama atalimaliza. Mwimbaji akiuanza kwa sauti ya jukwaa, wimbo umeshakwisha.

Sasa gitaa kavu, maana ndilo linalobeba dakika nzima ya kwanza. Wimbo unapigwa kwa maumbo ya kordi za G, ila kwenye rekodi nyuzi zote zimeshushwa nusu toni, hivyo unasikika G bemoli. Kordi kuu ni mbili tu, G na C yenye noti ya tisa iliyoongezwa, na siri yote iko kwenye vidole viwili visivyosogea. Kidole cha pete kiwe uzi wa pili, freti ya tatu. Kidole kidogo kiwe uzi wa kwanza, freti ya tatu. Vibaki hapo. Kwa G, kidole cha kati kiwe uzi wa sita freti ya tatu, na cha shahada uzi wa tano freti ya pili. Kwa C, vidole hivyo viwili vishuke uzi mmoja mmoja kuelekea nyuzi nyembamba: cha kati uzi wa tano freti ya tatu, cha shahada uzi wa nne freti ya pili, na uzi wa sita usipigwe. Kwa hiyo noti za juu, D na G, zinaendelea kulia bila kukatika huku za chini zikibadilika. Ukipiga C ya kawaida, ile yenye kidole cha shahada kwenye uzi wa pili freti ya kwanza, noti zote za juu zinabadilika kila kordi, mlio unakatika, na wimbo unasikika kama wimbo wa kambi ya skauti. E ndogo nayo iache vidole viwili vile vile vya juu, na kwenye D kidole cha pete hakitoki kwenye uzi wa pili freti ya tatu. Ukifuata hivyo, wimbo mzima kidole kimoja hakitoki mahali pake.

Mkono wa kulia: upigaji wa kushuka na kupanda kwa nusu pigo, lakini pigo la kwanza la kila kipimo (fungu la mapigo manne) lianzie nyuzi nene na yanayofuata yaguse nyuzi nne nyembamba tu. Wapiga gitaa wengi wanapiga nyuzi zote sita kila mara, na hapo gitaa moja linajaza nafasi ya besi na ya kibodi kabla wenyewe hawajaingia. Tumia piki laini, ya milimita 0.6 hivi. Piki nene ya solo kwenye gitaa kavu inatoa kishindo cha nyuzi nene ambacho hamkihitaji.

Je, mshushe nusu toni kama kwenye rekodi? Jibu analo mwimbaji. Mwambieni aanze na kiitikio cha mwisho, kwa nguvu kamili, mara tatu mfululizo, magitaa yakiwa kwenye G ya kawaida. Kama mara ya tatu ni nzuri sawa na ya kwanza, bakini hapo. Kama ya tatu imekaza shingo au imepungua noti, shusheni nusu toni wote. Mkishusha, kumbukeni mambo matatu. Nyuzi zinalegea kidogo, kwa hiyo gitaa kavu lenye nyuzi nyembamba za 10 au 11 litaanza kulia vibaya kwenye freti. Nyuzi za 12 zinakaa vizuri zaidi. Gitaa la umeme lenye daraja linaloelea haliwezi kushushwa katikati ya shoo, kwa sababu ukilegeza uzi mmoja mingine mitano inapanda. Ama litengwe gitaa kwa ajili ya wimbo huu, ama wimbo upangwe mwanzo wa seti baada ya mapumziko. Na mpiga kibodi abonyeze kitufe cha kuhamisha toni hadi −1, kisha akirudishe sifuri mara wimbo unapokwisha. Kusahau kitufe hicho kumeharibu mwanzo wa nyimbo nyingi zinazofuata kuliko kosa lolote la vidole, kwa hiyo mtu wa pili apewe kazi ya kumkumbusha.

Mwendo sasa. Rekodi inatembea karibu mapigo 70 kwa dakika. Hesabu inayotoka hapo inaeleza kwa nini ni mgumu: kipimo kimoja cha mapigo manne kinachukua sekunde 3.4 hivi, na kutoka sneya (ngoma ya mlio mkali) ya pigo la pili hadi sneya ya pigo la nne ni sekunde 1.7. Hiyo ni nafasi kubwa, na mpiga dramu aliyezoea kujaza anaiona kama shimo. Anaiwekea vipigo vidogo, kila kimoja kikiwahi kidogo, na baada ya vipimo nane bendi iko kwenye 76. Tiba yake haiko kwenye kujikaza. Mpeni hedifoni ya sikio moja yenye metronomu, na iwekwe 140, siyo 70. Kwa 140 anasikia kila nusu ya pigo, nafasi ile inagawanyika, na hana tena sababu ya kuijaza. Kama hamna metronomu jukwaani, haihati ya mguu (matoazi mawili yanayobanwa kwa mguu) ibane kila pigo tangu utangulizi, taratibu sana, ili mpiga gitaa kavu apate kitu cha kuegemea. Mpiga gitaa kavu peke yake ndiye anayeweka mwendo wa wimbo, na akianza 74 kwa woga, dramu haitaweza kuurudisha chini bila watu kusikia. Atazame taa ya metronomu kwa vipimo viwili kamili kabla hajagusa uzi.

Mpangilio ninaowashauri kwa watu sita ni huu. Utangulizi: gitaa kavu peke yake, vipimo vinne, G na C mara mbili. Ubeti wa kwanza: gitaa kavu na sauti, basi. Kibodi ikae kimya, na mpiga besi aweke mikono kwenye mapaja kama haamini uvumilivu wake. Kiitikio cha kwanza: besi iingie kwa noti ndefu, moja kwa kila kordi, na dramu ipige ukingo wa sneya kwa kijiti kilicholazwa, siyo ngozi. Kibodi ianze na mlio mpana wa nyuzi, noti mbili tu: D na G. Noti hizo mbili zimo ndani ya G, zimo ndani ya C yenye tisa, zimo ndani ya E ndogo ya umbo nililolieleza, kwa hiyo mpiga kibodi anaweza kuzishika kordi zikibadilika chini yake. Kwenye D tu ndipo ateremshe G hadi F diezi, na kushuka kwa noti hiyo moja kutasikika kama pumzi inayotoka. Wapiga kibodi wa kanisani na hotelini wana vidole vyepesi na wanapenda kujaza kila pengo kati ya mistari ya mwimbaji. Kwa wimbo huu mwombeni asifanye hivyo hadi baada ya solo.

Ubeti wa pili: sneya ipigwe kwa ngozi sasa, haihati ikiwa imefungwa, na gitaa la pili lipige nyuzi moja moja kwa mlio safi, bila distosheni (mkwaruzo wa makusudi wa mlio). Kiitikio cha pili ndipo distosheni inaingia kwa mara ya kwanza, na sauti ya mwenzake mmoja inamwongezea mwimbaji. Kisha solo. Baada ya solo kila kitu kikatike: gitaa kavu na sauti pekee kwa vipimo viwili au vinne. Kukatika huku ndiko kunakouokoa mwisho wa wimbo. Sikio likikaa kwenye sauti kubwa kwa dakika moja linaizoea, na hata mkiongeza halitaona tofauti. Mkilipa sekunde saba hadi kumi na nne za ukimya wa karibu, linapima upya, na kiitikio cha mwisho kinaonekana kikubwa kuliko solo hata kama kifaa cha kupimia sauti kinasema viko sawa.

Kuhusu kupima ukubwa wa sauti, hapa ndipo ningependa mkae zaidi. Chukueni simu yenye programu ya kupima desibeli, iwekeni kwenye meza ya katikati ya ukumbi wakati wa mazoezi. Programu hizo hazipimi kwa usahihi wa mtambo wa maabara, lakini tofauti kati ya namba mbili inatosha kwa kazi yenu. Masikio ya watu huona sauti imekuwa mara mbili inapopanda desibeli 10 hivi. Kwa hiyo wimbo unaotaka kuonekana umekua unahitaji angalau 12 kutoka ubeti wa kwanza hadi kiitikio cha mwisho. Tuseme ukumbi wa hoteli unavumilia 95 bila wageni kuziba masikio. Basi ubeti wa kwanza uwe 82 au 83, kiitikio cha kwanza 86, ubeti wa pili urudi 85, kiitikio cha pili 90, solo 93, kukatika 82 tena, na mwisho 95. Nina hakika mkipima mnavyopiga sasa mtakuta ubeti wa kwanza uko 89 au 90, kwa kuwa mwimbaji ameambiwa asikike juu ya watu wanaokula. Zimebaki desibeli tano tu za kugawana kwa dakika tatu. Watu wanaokula wakiongea, msiwafukuzie kwa sauti. Gitaa kavu likianza chini meza za mbele zitanyamaza zenyewe, na za nyuma zitafuata.

Fundi mitambo lazima ajue namba hizo kabla, tena mketi naye. Fundi mzuri aliyezoea rumba akiona sauti inapanda anashusha, na anaona amewasaidia. Pia kama ameweka kompresa (kifaa kinachobana sauti inapozidi) kwenye sauti ya jumla inayotoka kwenye spika, itakuwa inaminya kila kilele mnachokitafuta. Mwombeni aiondoe kwa wimbo huu, akiacha ile ya ulinzi wa spika tu. Kompresa ibaki kwenye maikrofoni ya mwimbaji, kwa uwiano wa 3 kwa 1, ikiminya desibeli tatu au nne pale anapoimba kwa nguvu. Mwimbaji afanye kazi iliyobaki kwa umbali: kwenye ubeti wa kwanza midomo iwe sentimita mbili au tatu kutoka kwenye maiki, ambapo maiki za kawaida za jukwaani huongeza uzito wa chini na sauti inasikika ya karibu, kwenye kiitikio cha mwisho arudi nyuma sentimita 12 hivi. Wengi wanafanya kinyume: wanasimama mbali wakiwa wapole, kisha wanaikumbatia maiki wakipaza. Matokeo yake ni ubeti mwembamba na kiitikio kinachokwaruza.

Kupiga kelele kwa mwimbaji kuna sababu mbili, na ya kwanza si yake. Hajisikii. Magitaa mawili yenye distosheni nyuma yake yanamfunika kwenye spika ya miguuni, naye anapaza ili ajisikie. Geuzeni amplifaya za magitaa zielekee kwa wapigaji wenyewe, ziinuliwe juu ya kiti zitazame masikio na siyo vifundo vya miguu, na wapigaji wenyewe watazipunguza bila kuambiwa. Sababu ya pili ni kwamba ametoa nguvu zote kwenye kiitikio cha kwanza. Kiitikio hicho aimbe kwa nusu ya nguvu, peke yake, bila kupamba. Cha pili aongeze nguvu, na mwenzake mmoja aingie kwa sauti ya tatu juu yake. Cha mwisho waingie wawili, na hapo ndipo aruhusiwe kuyumbisha noti za mwisho wa mstari. Mstari wa kiitikio unakwenda karibu sekunde saba; avute pumzi kwenye pengo la mwisho wa kila mstari, si katikati, hata kama anaona bado anayo.

Solo haisikiki. Hili lina sababu nne, na mara nyingi zote zipo kwa pamoja. Kwanza, vitufe vya amplifaya. Mtu anapofanya mazoezi peke yake chumbani anapenda besi juu, treble juu, na sauti ya kati sifuri. Jukwaani besi na dramu zimeshika chini, matoazi yameshika juu, na gitaa lililonyimwa sauti ya kati halina mahali pa kusimama. Rudisheni sauti ya kati hadi 6 au 7 kati ya 10, besi ishuke hadi 4. Chumbani itasikika kama redio ya mkulima. Ukumbini ndiyo itakayopenya. Pili, distosheni imezidi. Distosheni nyingi inaminya tofauti kati ya kipigo chepesi na kizito, noti inakosa mwanzo, na magitaa mawili yenye distosheni nyingi yanageuka mvumo mmoja. Punguzeni hadi pale ambapo kordi ikipigwa taratibu inakuwa karibu safi. Tatu, pedali ya kuongeza nguvu kwa ajili ya solo imewekwa kabla ya distosheni. Hapo haiongezi sauti, inaongeza ukali tu, kwa sababu distosheni imeshafika ukomo wake. Iwekwe baada ya distosheni, au kwenye tundu la efekti nyuma ya amplifaya, na iongeze desibeli nne au tano. Nne, kibodi na gitaa la pili wanapiga kwenye eneo lile lile la noti. Solo ikianza, kibodi ishuke chini ya C ya katikati au ipunguze noti, na gitaa la pili lisipige kordi kamili.

Kuhusu kordi hizo za distosheni: msipige G kamili ya nyuzi sita kupitia distosheni. Noti ya tatu ya kordi ikichanganyika na nyingine ndani ya distosheni inazaa mivumo isiyokuwamo, na ndiyo ile tope mnayoisikia. Pigeni mzizi na noti ya tano tu. Kwa G, uzi wa sita freti ya tatu, wa tano na wa nne freti ya tano. Kwa C kuna umbo zuri zaidi linaloitunza noti ya tisa: uzi wa tano freti ya tatu, uzi wa nne freti ya tano, uzi wa tatu freti ya saba. Vidole vinatanuka, lakini ni noti za tano mbili zilizopandana, na zinabaki wazi hata distosheni ikiwa nzito. Kordi ipigwe mara moja pigo la kwanza, iachwe ilie kipimo kizima. Mkono wa rumba utataka kuikata na kuipigapiga. Ukikata, ukubwa unaondoka.

Kwa solo yenyewe, anzeni na kuimbika kabla ya kasi. Mpigaji ajifunze kwanza kuimba kwa mdomo vipimo vinne vya mwanzo. Uzi unaovutwa toni nzima ufike kweli toni nzima: apige freti mbili mbele, asikie noti ile, arudi nyuma avute hadi zifanane. Kwa mwendo huu wa taratibu uzi uliovutwa pungufu hauna pa kujificha, kila noti inakaa mbele ya watu. Dilei (efekti inayorudia noti baada ya muda mfupi) iwekwe milisekunde 429, ambayo ni nusu ya pigo kwa mwendo wa 70, irudie mara mbili au tatu, na mwangwi wake uwe chini kabisa, kama robo ya sauti halisi. Dilei isiyolingana na mwendo inaweka vipigo vya ziada kati ya vipigo vya dramu, na bendi inaanza kuyumba bila kujua kwa nini. Efekti za miaka ya 1980 mnazozisikia kwenye rekodi zinavutia kuongeza mwangwi kila mahali. Kwenye sneya, mwangwi uwe umekufa kabla ya sneya inayofuata, kwa hiyo usizidi sekunde 1.5. Kwenye besi na kiki (ngoma kubwa ya mguu) usiwepo kabisa.

Besi ina kazi fupi lakini wengi wanaikosea. Mpiga besi wa rumba anazunguka pigo la kwanza, analichelewesha, analitangulia, na hapo ndipo utamu wake ulipo. Huku pigo la kwanza ni la besi na kiki kwa pamoja, kila kipimo, bila udhuru. Kiitikio cha kwanza noti ndefu. Kuanzia kiitikio cha pili noti nane kwa kipimo, zote zikiwa na uzito mmoja. Sneya ilegezwe kidogo kuliko mnavyoilegeza kwa rumba ili itoe kishindo kinene, na kujaza kwa dramu kuwe mara moja tu kabla ya kila kiitikio, kusiwe zaidi ya mapigo mawili, na kuishie kwenye toazi la pigo la kwanza.

Gitaa kavu likipigwa karibu na spika za jukwaani litavuma, kwa kawaida mahali fulani kati ya hezi 100 na 250. Zibeni tundu lake kwa kizibo cha mpira, geuzeni kitufe cha fezi kama linacho, kisha fundi apunguze mahali panapovuma badala ya kushusha gitaa lote. Magitaa ya umeme yakishaingia kwenye kiitikio cha pili, kata sauti zote za gitaa kavu zilizo chini ya hezi 200. Litabaki likisikika kama mchakacho wa juu, na hicho ndicho kinachohitajika hapo. Wakati wa kukatika baada ya solo zirudishwe, na mpiga solo afunge kitufe cha sauti kwenye gitaa lake hadi sifuri, maana mvumo wa distosheni kwenye ukimya ule unasikika hadi jikoni.

Mazoezi yapangwe kwa kurudi nyuma. Siku ya kwanza pigeni kiitikio cha mwisho tu, na mwafikiane kwa kipimo cha simu kwamba 95 yenu ndiyo hiyo. Halafu solo, mkiishusha hadi 93. Kisha kiitikio cha pili, ubeti wa pili, na kurudi hivyo hadi utangulizi, kila sehemu ikishushwa hadi namba yake. Mkifika kwenye ubeti wa kwanza mtashangaa jinsi mnavyotakiwa kuwa wapole. Rekodini wimbo mzima kwa simu kutoka meza ya mbali na mtazame umbo la mawimbi kwenye programu yoyote ya kuhariri sauti. Likianza jembamba, likapanda hatua kwa hatua, likabanwa ghafla baada ya solo na kufunguka tena, mko tayari. Likiwa mstari mnene tangu sekunde ya thelathini, rudini kwenye kiitikio cha mwisho muanze upya. Kordi ya mwisho ni G: dramu inyamaze kwanza, kisha distosheni, kibodi iachie, na gitaa kavu liachwe lilie hadi liishe lenyewe. Fundi asifunge feda (kitelezi cha sauti) mpaka mpigaji ainue mkono.